Udongo wa Kitengela Baharini Malindi

Majina ya mahali ni wasia wa watu waliotutangulia. Aliyepapa mahali jina hakufanya hivyo kwa kutafuta mapambo ya maneno. Alikuwa akiwaachia wanawe na wajukuu wake habari aliyoona kuwa itawafaa: hapa pana maji, hapa pana chumvi, hapa hupita wanyama, hapa usilale. Sisi tunaofundisha isimu tumezoea kuyachambua majina hayo darasani, tukatenganisha viambishi na mashina, kisha tukafunga vitabu tukaenda zetu. Leo nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi wetu tuyasome kwa haja nyingine, haja ya uhai na mali. Kwa maana katika kaunti ya Kajiado, na hasa katika mji wa Kitengela ninakoishi, kuyasahau kumeanza kututoza gharama kubwa.

Tuanze na Kajiado penyewe. Jina hili ni ufupisho wa neno la Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu. Hadi serikali za ugatuzi zilipoanza kazi mwaka 2013, baraza lililosimamia eneo hili liliitwa kwa jina hilo kamili, Olkejuado. Katika Kimaasai olkeju ni mto, na shina hilo hilo likivishwa kiambishi cha jinsia ya kike, enkeju, huwa ni mguu. Ngong nayo, kama wenyeji wanavyoeleza, imetokana na Enkong'u e Muny, jicho la kifaru. Na enkong'u si jicho la kiumbe tu bali ni chemchemi pia, kama vile sisi wasemaji wa Kiswahili tunavyosema jicho la maji. Nairobi, kama ajuavyo kila mtoto wa shule, ni Enkare Nairobi, maji baridi.

Tazama basi, msomaji, mambo yalivyo. Mji mkuu wa nchi ni maji, vilima vilivyo magharibi yake ni chemchemi, na makao makuu ya kaunti yetu ni mto. Wafugaji walioishi katika nchi kavu namna hii hawakuweza kuyachezea maji. Waliyataja kila walipoyaona, hata pale ambapo kwa miezi minane ya mwaka hapaonekani ila mchanga mkavu na mbuzi waliolala kivulini. Walijua kwamba mto usio na maji ni mto uliosafiri, wala si mto uliokufa.

Je, sisi tumeupokeaje wasia huo? Mgeni ambaye angefika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya 1970 angekuta uwanda wazi wa Kaputiei, maboma machache ya Wamaasai, na makundi ya nyumbu na pundamilia yakitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi msimu wa mvua na kurudi humo wakati wa kiangazi. Mbuga hiyo iliyotangazwa mwaka 1946 ilizungushiwa ua pande zinazoelekea mjini, lakini upande wa kusini, kando ya mto Mbagathi, iliachwa wazi ili wanyama wapite. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai ranchi za pamoja. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa hati ya kipande chake. Mwaka 1990 kukaja eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje pale Athi River, na wafanyakazi wake walihitaji pa kulala. Wakaazi wa Nairobi nao waliochoshwa na kodi wakaanza kutafuta ploti. Matokeo yake yamo katika sensa: kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, na miaka kumi baadaye ikawa na 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulihesabiwa kuwa na watu 154,436 mwaka 2019.

Siwalaumu walionunua, na siwalaumu waliouza. Mtu ana haki ya kutafuta pa kuuweka ubavu wake, na mfugaji aliyefiwa na ng'ombe ana haki ya kuuza eka moja ili amlipie mwanawe karo. Ninachosema ni kwamba ardhi hii ilipimwa wakati wa kiangazi na kununuliwa wakati wa kiangazi. Korongo kavu halimwonyeshi mnunuzi lolote. Dalali akisimama katikati yake na kusema kwamba hapa ni mahali pa baraka, ni nani wa kumpinga, ikiwa yule mzee aliyelijua jina la korongo lile hayupo? Katika midomo yetu sisi tuliohamia, korongo, mkondo, bonde na dimbwi, vyote vimepata jina moja: ploti.

Tena udongo wa Kitengela una tabia yake. Sehemu kubwa ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa jua hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na wakati wa mvua huvimba, nyufa zikazibika, maji yasipate pa kuzama. Mvua ikizidi, maji yote hutembea juu. Zamani nyasi ndefu ziliyazuia yakaenda polepole. Leo yanakutana na mabati, sakafu za saruji, kuta za mawe na mitaro iliyojaa taka. Yakikosa njia yatajitafutia nyingine, na ile watakayoipata kwa wepesi zaidi ni ile waliyoizoea tangu kale, hata kama katikati yake imesimama nyumba ya vyumba vitatu.

Hayo ndiyo tuliyoyaona katika masika ya mwaka 2024. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei mito iliyokuwa midogo ilivunja kingo zake. Barabara ya Namanga, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mji wetu, ilifurika baina ya Athi River na Kitengela, magari yakakwama, na wahudumu wa Msalaba Mwekundu wakaja kuwaokoa watu waliozingirwa na maji. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yalishuka kwa ghafula yakawachukua makumi ya watu wakiwa usingizini. Katika nchi nzima msimu ule uliua zaidi ya watu 250. Tuliosalimika tulisema kwamba tumeponea chupuchupu, tukakausha magodoro yetu, na mwezi wa Julai tukawaona wapimaji wamerudi makorongoni na kamba zao.

Ajabu ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo tulikuwa tukililia maji hayo hayo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha inavyopasa. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa Kajiado. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu katika nchi nzima tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381 waliokufa kwa ukame, na eneo la Amboseli, lililo kusini mwa kaunti yetu, lilikuwa miongoni mwa yaliyopigwa vibaya zaidi. Watu wengi huyatazama mambo haya mawili, ukame na mafuriko, kama maadui wawili waliokuja kwa zamu. Mimi nayaona kama mkono mmoja wenye kiganja na mgongo. Ardhi isiyoweza kuyapokea maji yanapokuja haiwezi kuwa nayo yanapohitajika.

Chukua mfano wa mchanga. Kila siku malori hupakia mchanga katika makorongo ya Kajiado na kuupeleka kwenye majengo ya Nairobi na vitongoji vyake, Kitengela ikiwa miongoni mwavyo. Mchanga ule si takataka ya mto bali ni ghala lake. Maji ya mvua hujificha baina ya chembe zake, jua lisiyafikie, na ndiyo maana mama wa Kimaasai huweza kufukua kisima kwa mikono katikati ya kiangazi akapata maji ya kunywa. Ukiuondoa mchanga ukabakiza mwamba mtupu, utakuwa umefanya mambo mawili kwa koleo moja: umemnyima mama yule maji ya Septemba, na umeyafungulia mbio maji ya Aprili. Majirani zetu wa Machakos na Kitui walilifahamu jambo hili zamani, wakawa wanajenga vizuizi vidogo vya kuukusanya mchanga mitoni, huku sisi tukiuuza.

Sasa tujiulize: maji hayo yakimbiayo huenda wapi, na udongo yanaoubeba huushusha wapi? Si maji yote ya Kajiado yendayo upande mmoja. Ya magharibi hushukia Magadi, na ya kusini huelekea Amboseli. Lakini mto Kitengela huingia katika Mbagathi, Mbagathi huwa Athi, Athi huuchukua mto Nairobi pamoja na uchafu wake wote, hupita Maporomoko Kumi na Manne karibu na Thika, huambaa na uwanda wa juu wa Yatta, hukutana na mto Tsavo na kubadili jina ukawa Galana, na mwisho huitwa Sabaki, ukamwagikia katika Bahari ya Hindi baina ya Malindi na Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalijua jina Sabaki kwa njia nyingine. Wataalamu wa isimu historia, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wameeleza kwa kina kundi la lugha liitwalo Sabaki, ambalo ndani yake mna Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Kwa hiyo mto unaopitia nyuma ya nyumba zetu Kitengela ndio uliokipa jina ukoo wa lugha yetu ya taifa. Kila nilipowafundisha wanafunzi kundi hilo niliuchora mto kwenye ubao kama mstari mwembamba. Nilikuja kuufahamu vizuri zaidi mwezi wa Novemba 2019.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzito katika Afrika Mashariki yote. Nilikuwa Malindi na Mambrui nikikusanya msamiati wa wavuvi, na mzee mmoja nahodha alikubali kunichukua katika mashua yake pamoja na wanawe wawili. Tulipokuwa tukirudi kutoka Mambrui kuelekea Malindi, mchana, maji yakipwa, tulifika mbele ya mlango wa Sabaki. Hapo bahari ilibadilika rangi ghafula. Upande huu ilikuwa kijani, na upande ule nyekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, na baina yao mpaka ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Katika maji yale mekundu yalielea matete, chupa za plastiki, magome na matawi. Ndipo gogo ambalo hatukuliona, kwa kuwa lilikuwa limezama nusu, likatupiga ubavuni. Ubao ukapasuka, na maji yakaanza kuingia ngamani.

Ufuo ulikuwa unaonekana, tena karibu, na mmoja wa vijana alitaka tuelekee huko moja kwa moja. Mzee alikataa. Baina yetu na ufuo palikuwa na mafungu ya mchanga, na juu ya mafungu hayo mawimbi ya bahari yalikuwa yakikutana na nguvu za mto uliofurika, yakiinuka na kuvunjika. Aliamuru tanga litushwe. Kijana mkubwa aliuziba ufa kwa nguo na kuukandamiza kwa goti. Mdogo na mimi tulifua ngama, yaani tuliyachota maji na kuyatupa nje, kwa ndoo na kwa sufuria ya ugali. Mzee akaushika usukani na kuuacha mkondo utuchukue mbali na nchi kavu, kule ambako moyo wangu haukutaka kabisa kwenda. Nakumbuka nikiyahesabu masufuria ili nisiutazame ufuo unavyopungua. Tulipokwisha kuyapita mawimbi yale tukapata maji mapana, tukapandisha tanga kidogo, tukazunguka kusini, na maji yalipoanza kujaa yakatusukuma yenyewe hadi Malindi. Jua lilikuwa limekaribia kutua.

Tulipokuwa tukiivuta mashua mchangani, mzee aliniuliza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?"

Nikamjibu, "Naishi Kitengela, mzee wangu, karibu na Nairobi."

"Basi yale ni maji ya kwenu," akasema bila ya hasira. "Na fungu lile, mwaka juzi halikuwapo. Lile ni shamba la mtu huko bara."

Siwezi kudai kwamba gogo lile lilitoka Kajiado. Huenda lilikuwa mti wa Tsavo au wa Makueni. Lakini maneno ya mzee yule kuhusu udongo yamethibitishwa na watu wa maabara. Matumbawe ya baharini hukua kwa matabaka ya kila mwaka, kama pete ndani ya shina la mti, na katika matabaka hayo hubaki alama za vitu vilivyokuwa majini. Watafiti walilichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa kama miaka 300, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 walieleza kwamba alama za udongo wa Sabaki zilikuwa chache kwa muda mrefu, kisha zikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo ukoloni ulikuwa ukibadili namna ya kuitumia ardhi ya bara. Wamaasai wanaukumbuka wakati huo kwa sababu nyingine: mikataba ya 1904 na 1911, waliyohamishiwa kwayo kutoka malisho yao ya kaskazini na kubanwa kusini. Historia iliyoandikwa kwa wino huko London iliandikwa pia kwa matope ndani ya jiwe la bahari huko Malindi, na sisi tuliopata uhuru mwaka 1963 tumeendelea kuiandika. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, haina ua wa kuyazuia matope ya Athi.

Nikiyafikiria yaliyotuokoa siku ile, naona kwamba mzee hakuishinda bahari. Hakuna aishindaye. Alizijua saa zake na njia zake, akajiweka pale ilipokuwa ikienda, na akaingoja igeuke. Lakini kuna jambo la pili ambalo mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuliacha. Mzee alitamka maneno machache sana: tanga, ngama, mkondo, fungu, kupwa, kujaa. Kila neno lilikuwa amri na elimu kwa pamoja, na wanawe walitenda papo hapo kwa kuwa waliyanyonya maneno hayo tangu utotoni. Lau angelazimika kumweleza kila mmoja maana ya ngama, tungezama katikati ya maelezo. Msamiati wa watu wanaoishi na maji ni chombo cha uokoaji, sawa na kamba au jaketi la kuelea. Waswahili walikwisha kusema kwamba bahari haishi zinge. Waliosema hivyo walikuwa na majina ya mazinge yenyewe.

Hapo ndipo Kitengela inapopungukiwa. Sisi tunaishi na maji yanayokuja na kwenda, kama bahari inavyojaa na kupwa, tofauti ikiwa kwamba kujaa kwa mito yetu huchukua miezi au miaka. Lakini hatuna nahodha, na wale wenye majina hatuwaulizi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: Daktari, watu watalala wapi? Je, wavunje nyumba warudi walikotoka? Pingamizi hili si dogo, wala sipendi kulijibu kwa mahubiri. Nyumba ninamokaa ni ya mawe na mchanga kama nyumba nyingine zote za mji huu, na sina ndoto ya kuwarudisha watu 154,436 katika miaka ya 1970. Mizani ninayoitaka haidai kwamba binadamu aondoke. Inadai aache sehemu. Na wazo la kuacha sehemu si geni kwetu, wala halikuletwa na wafadhili.

Katika Kimaasai liko neno olopololi. Ni malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, yasiyoguswa na kundi kubwa hata kama nyasi zake zinatamanisha, mpaka kiangazi kitakapobana. Katika Pwani, watu wa Kuruwitu kaunti ya Kilifi, walipoona samaki wamepungua, walitenga mwaka 2005 kipande cha bahari yao kisivuliwe, nao wanakiita tengefu, kutokana na kitenzi kutenga. Samaki walirudi na kuongezeka, wakatoka nje ya mpaka, wakavuliwa huko. Na mwaka 2017 jamii hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mfugaji wa bara na mvuvi wa pwani hawakuwahi kukaa kikao kimoja. Hata hivyo walilifikia wazo moja, kwamba usipokiachia kitu nafasi ya kupumua hutakuwa nacho kesho.

Sheria zetu nazo zina tengefu la mto, ingawa haziliiti hivyo. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaka iachwe ardhi kila upande wa mto, isiyopungua mita 6, na kulingana na upana wa mto wenyewe, mpaka mita 30. Mita hizo thelathini ndizo olopololi ya maji. Humo maji hutanuka yakiongezeka, nyasi huushika udongo, na mchanga hukaa mahali pake. Anayezijenga huwa ameila sehemu ya ndama. Wala si maji tu yaliyozibiwa njia. Nyumbu wa Athi na Kaputiei waliokuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki elfu chache, kwa kuwa njia zao nazo zimekuwa kuta na seng'enge. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 za Marekani kwa eka kwa mwaka ili wasizungushe ua, nayo malipo yaligawanywa mara tatu ili yawahi mihula ya shule. Aliyepanga hivyo alielewa kwamba mizani ya maumbile haisimami ikiwa karo ya mtoto haijalipwa.

Basi tufanye nini sisi wenye chaki na vitabu? La kwanza ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee. Mwalimu wa Kiswahili katika shule yoyote ya Kajiado anaweza kutoa zoezi la likizo: kila mwanafunzi aliulizie jina la korongo lililo karibu na kwao, maana yake, na mwaka ambao maji yalifika mbali zaidi, tena aonyeshwe jiwe au mti yalipofikia. Mwalimu wa jiografia ayatie majina hayo kwenye ramani ya shule. Ramani ya namna hiyo haigharimu kitu zaidi ya karatasi, na inaweza kumfaa mnunuzi wa ploti kuliko ahadi zote za dalali.

La pili ni kuyapokea maji kabla hayajakimbia. Mji wetu hununua maji kwa boza na kwa mikokoteni, na visima vyake vingi vina chumvi, ilhali mvua huanguka juu ya mapaa yetu bure. Hesabu yake ni ya mtoto wa darasa la sita: mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 100 za maji. Mvua moja nzuri ya milimita 50 ni lita 5,000. Shule yenye madarasa kumi yenye mabati na matangi ya kutosha haina sababu ya kumtuma mtoto na mtungi, na kila lita iliyoingia tangini ni lita ambayo haikuusukuma udongo kuelekea Sabaki.

La tatu ni kudai. Wazazi, walimu na wanafunzi wa vyuo wanaweza kuziuliza ofisi za kaunti ni ploti zipi zilizopimwa ndani ya zile mita 30, ni nani aliyeidhinisha, na wale walionunua kwa nia njema watafidiwaje. Si haki maskini avunjiwe kibanda baada ya mafuriko huku aliyemuuzia akiendelea kupima korongo la pili. Mizani isiyokuwa na haki huinama upande mmoja.

Malindi wana wavuvi wanaotazama bara kila mawingu yanapokusanyika upande wetu, maana wanajua kitakachowafikia baada ya siku chache. Inafaa nasi tuliokaa huku juu, kila tunapochimba msingi au kupakia lori la mchanga, tutazame upande wa bahari, na tukumbuke kwamba huko kuna mtu na wanawe chomboni, na kwamba mto mrefu haujakatika baina yetu.